Mifupa ya Tendaguru na Kitabu cha Ayubu

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya watu wa upande ule, Wamwera, Wayao na wengine, walichimba pale mifupa ya dinosaria, wanyama wa kale walioangamia, kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, wakaifunga mizigo na kuibeba hadi bandarini, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Zilipakiwa melini tani zaidi ya 200. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na nchi ile ilikuwa bado haijapona njaa iliyoletwa na vita. Aliyewasimamia wachimbaji na kuijua mifupa kuliko wengi ni Boheti bin Amrani. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Aliye maarufu zaidi, ambaye siku hizi wataalamu humwita Giraffatitan, amesimama Berlin tangu mwaka 1937, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni.

Habari hii Watanzania wengi tunaijua kwa upande wa madai. Imeulizwa bungeni zaidi ya mara moja: mjusi wetu atarudi lini, na sisi tunapata nini kutokana na viingilio vinavyolipwa kule? Ni maswali ya haki. Lakini wengi wanaouliza ni waumini, wanakwenda kanisani na kusomewa Mwanzo sura ya kwanza, na mimi tangu utoto wangu sijasikia mahubiri hata mamoja yanayomtaja mjusi huyo. Tumemdai kama mali ya taifa, ila hatujaketi kuzungumza naye ni kiumbe wa nani.

Nafundisha darasa la kipaimara katika usharika wa Kilutheri, kwa hiyo mimi mazungumzo hayo siwezi kuyakwepa. Watoto wameona katuni, wameona picha kwenye simu za wazazi, na wanauliza bila woga: Mwalimu, dinosaria waliumbwa siku ya ngapi? Mwalimu, waliingia safinani? Kabla sijafungua mdomo, wenzao huwa wameshajibu kwa yale waliyoyasikia nyumbani. Kwamba mifupa ile Shetani ndiye aliyeizika ili kuwapoteza watu. Kwamba ni uzushi wa Wazungu. Kwamba waliangamia kwenye gharika. Kwamba Nuhu aliwachukua wakiwa bado wadogo.

Jibu la Shetani ndilo linalonitia hofu kuliko yote, maana linaharibu imani huku likijidai kuilinda. Likiwa kweli, basi Mungu ameiacha ardhi yake yote, kutoka Lindi hadi Mongolia, iwe ushahidi wa uongo, kisha anatutaka tumwamini yeye kuwa ni wa kweli. Huyo si Mungu wa Zaburi ya 19, ambamo mbingu zinahubiri utukufu wake. Na la uzushi wa Wazungu linadhulumu kumbukumbu ya watu wetu wenyewe, kwa sababu mifupa hiyo mabega yaliyoibeba yalikuwa ya Kiafrika. Yapo mengi ya kuwalaumu Wajerumani wa wakati ule, ila kuibuni mifupa halimo.

Hayo mengine mawili, gharika na safina, yana wenyewe na yanastahili kusikilizwa kwa heshima. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwadventista mmoja mzaliwa wa Kanada, George McCready Price, alifundisha kwamba miamba yote yenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ilitandazwa na gharika ya Nuhu. Mwaka 1961 mwanatheolojia John Whitcomb na mhandisi wa maji Henry Morris walilichukua wazo hilo na kulisambaza katika makanisa ya kiinjili ya Marekani. Kutoka huko limetufikia kwa vitabu, mikutano ya injili na video. Tangu mwaka 2016 kuna safina ya mbao yenye urefu wa mita zaidi ya 150 huko Williamstown, Kentucky, na ndani yake zimo sanamu za dinosaria wadogo vizimbani. Wanaoamini hivyo wanahesabu umri wa dunia kuwa kama miaka 6,000, na wanasoma siku sita kama siku za saa 24. Si wajinga. Wanachokilinda ni kitu ninachokipenda hata mimi: kwamba Neno la Mungu lisikunjwe kila mara watu wenye shahada wanapokohoa.

Kinachonishangaza ni jinsi tulivyoaminishwa kwamba hiyo ndiyo imani ya zamani, na kwamba wengine wote wamelegea. Historia haisemi hivyo. Dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi, Megalosaurus, alielezwa mwaka 1824 na William Buckland, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Oxford na baadaye akawa mkuu wa kanisa la Westminster. Buckland hakuona kwamba Biblia imeanguka. Alifuata fikra iliyokuwa imeshatolewa na mhubiri wa Uskoti, Thomas Chalmers, kwamba kati ya “Hapo mwanzo” na siku ya kwanza panaweza kuwa na muda mrefu usiosimuliwa. Hugh Miller, mwashi wa mawe kutoka Uskoti na mtetezi mkali wa kanisa lake, alizisoma siku sita kama vipindi virefu. Na mwaka uleule wa 1909 majembe yalipoanza kazi Tendaguru, ilitoka nchini Marekani Biblia yenye maelezo ya Scofield, ambayo iliupeleka ule “muda usiosimuliwa” katika mamilioni ya nyumba za Wakristo wahafidhina kabisa.

Rudi nyuma zaidi, ufike Afrika. Origene wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku tatu za kwanza zilikuwa na jioni na asubuhi pasipo jua. Agostino, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kwa miaka mingi juu ya Mwanzo, akaona kwamba siku zile si siku kama zetu. Na alionya juu ya Mkristo anayesimama mbele ya wasioamini na kusema upuuzi kuhusu mbingu na ardhi akidai ndivyo Maandiko yasemavyo. Alihofu kwamba msikilizaji, akiona Mkristo amekosea katika jambo analolijua mwenyewe, hatamwamini tena akimwambia habari za ufufuo. Hakuna kati yao aliyekuwa amesikia lolote kuhusu dinosaria, kwa hiyo hawakuwa wakiikimbia sayansi. Walikuwa wakisoma maandishi kwa makini tu.

Kanisa Katoliki kwa upande wake halijatengeneza ugomvi mkubwa hapa. Papa Pius wa XII mwaka 1950 aliruhusu wataalamu kulijadili suala la mageuzi ya mwili wa binadamu, yaani kama ulitokana na viumbe vilivyoutangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo wa II mwaka 1996 alikwenda mbele zaidi. Umri wa dunia haujawa kikwazo kwao.

Sasa nirudi Lindi, maana hoja ya gharika inaweza kupimwa palepale. Mabonde ya Tendaguru yanaonyesha matabaka yaliyolaliana. Chini kuna tabaka la udongo lenye mifupa ya dinosaria. Juu yake, mchanga wa bahari uliojaa kombe na konokono wa baharini. Juu yake tena, udongo wenye mifupa. Kisha bahari. Kisha udongo wenye mifupa mara ya tatu, na bahari tena. Wanajiolojia wanaona humo pwani ya zamani ambako bahari ilipanda ikafunika nchi, ikarudi, ikapanda tena, kwa muda mrefu mno, miaka kama milioni 150 iliyopita. Mtu aliyekulia karibu na mikoko ya Lindi, akiona maji yakipwa na kujaa juu ya matope yenye nyayo za ndege, anaielewa picha hiyo upesi kuliko msomaji wa Kentucky.

Mtetezi wa gharika atasema: mawimbi ya gharika moja yaliweza kuja na kurudi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nimelifikiria hilo kwa uaminifu. Lakini katika udongo ule wenye mifupa wamepata pia visukuku vidogo sana, mwani na viumbe wa vidimbwi vya maji baridi. Mwani wa maji baridi hauwezi kuota na kuzaa katikati ya gharika iliyochanganya bahari zote. Ulihitaji kidimbwi kilichotulia, jua, na misimu. Kwangu mimi ushahidi huo mdogo una uzito kuliko paja la Giraffatitan. Siwezi kuwaambia watoto kwamba tabaka zile ni kazi ya mwaka mmoja, halafu baada ya wimbo niwafundishe amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo.

Hapo ninaagana na ndugu zangu wa gharika, ila kwa upendo, maana miongoni mwao wamo wanaofanya kazi safi. Kanisa la Waadventista lilitamka upya mwaka 2015 kwamba uumbaji wa siku sita ni wa karibuni. Hata hivyo chuo kikuu chao kimoja huko Texas kimekuwa kikichimba mifupa ya dinosaria Wyoming kwa miaka mingi, na wanapima mahali pa kila mfupa kwa uangalifu ambao wataalamu wengine wanauheshimu. Wamekubali kuyatazama mambo magumu badala ya kuyafunika.

Yupo pia Mary Schweitzer, mtaalamu wa visukuku wa Marekani. Alianza kusoma visukuku akiwa anaamini dunia ni changa, ushahidi ukambadilisha mawazo, na akabaki Mkristo wa kiinjili. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitangaza kwamba, baada ya kuyeyusha madini katika mfupa wa Tyrannosaurus wa Montana, walibaki na vitu laini vinavyofanana na mishipa ya damu. Wahubiri wengi waliidaka habari hiyo: mnaona, mnyama huyu hajafa zamani! Schweitzer mwenyewe amelalamika waziwazi kwamba kazi yake inatumiwa kusema asichokisema. Mfupa ule anautaja kuwa na miaka milioni 68, na baadaye alionyesha jinsi chuma kilichomo katika damu kinavyoweza kuhifadhi tishu. Inaniuma Mkristo mwenzetu anapogeuzwa shahidi wa upande asioufuata, na wanaofanya hivyo wanalitaja jina la Yesu.

Lakini miaka si tatizo kubwa. Nasema hivyo baada ya kukaa na jambo hili muda mrefu. Mtu akishaelewa kwamba kwa Mungu miaka elfu ni kama siku moja, milioni 150 haimzuii kusali. Tatizo kubwa ni kifo.

Wapo dinosaria waliokula nyama. Tendaguru kuna meno ya wawindaji pamoja na mifupa ya walaji wa majani. Kuna mahali palipojaa mifupa ya dinosaria mdogo aitwaye Dysalotosaurus, mingi pamoja, kama kundi lililopatwa na balaa. Na mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za pingili ya uti wa mgongo ya mmoja wao, yenye ugonjwa wa mifupa unaofanana na ule uitwao Paget, ambao hadi leo unawapata watu. Fikiri maana yake. Kabla ya Adamu, kabla ya mti na nyoka, kulikuwa na mnyama Lindi aliyeumwa mgongo. Sisi tunahubiri kwenye kila msiba kwamba kifo kiliingia kwa dhambi. Mwanzo 1:30 inawapa wanyama wote majani ya kijani kuwa chakula. Wanaoamini dunia changa wanaishikilia aya hiyo kwa nguvu, na hapa wana hoja nzito kuliko ile ya mawimbi. Wanauliza: kama mateso yalikuwapo tangu awali, Mungu aliitazamaje dunia akasema ni njema sana? Mkristo anayekubali mamilioni ya miaka na asilisikie swali hilo likimchoma, bado hajafika kwenye kiini cha jambo.

Paulo katika Warumi 5:12 anasema kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti, “na hivyo mauti ikawafikia watu wote”. Watu wote. Sioni kwamba alikuwa akiwawazia mijusi. Anazungumzia kifo chenye hukumu, kifo cha yule aliyeambiwa usile naye akala. Mwanatheolojia Thomas wa Akwino, karne ya 13, alikataa kabisa kwamba simba na mwewe walikuwa wakila majani kabla ya dhambi ya mwanadamu. Asili ya mnyama, alisema, haikubadilishwa na kosa letu. Naye hakuwa na kisukuku cha kumlazimisha. Zaburi ya 104 inawasikia wanasimba wakinguruma na kumtaka Mungu chakula chao, na mtunzi haoni haya kuliweka hilo ndani ya wimbo wa sifa.

Haya yananisaidia, ila hayamalizi. Mgongo wa Dysalotosaurus bado unauma.

Ndipo ninapofungua Ayubu. Watu wa safina hukimbilia sura ya 40, kwa yule mnyama ambaye mkia wake unatajwa pamoja na mwerezi, wakisema ni dinosaria aliyeonwa na Ayubu. Sina haja ya kubishana nao. Nawaomba tu wasiruke sura mbili zilizotangulia, maana Ayubu pale alikuwa ameketi majivuni, amezika watoto, anauliza hasa hili tunalouliza. Mungu hampi sababu. Anamwuliza: “Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?” Kisha anamtembeza. Anamwonyesha mvua inayonyesha nyikani ambako hakuna mtu yeyote. Anamwonyesha simba akivizia, makinda ya kunguru yakimlilia Mungu kwa njaa, mbuzi wa mwituni wakizaa majabalini pasipo mkunga, tai ambaye vifaranga wake hunywa damu. Hakuna hata mmoja kati yao anayefugwa, anayelima au kumletea Ayubu faida. Mungu anawataja mmoja mmoja kama mzazi anavyotaja wanawe.

Nikisoma hapo, mamilioni ya miaka yasiyo na mwanadamu yanaacha kuwa aibu ya kufichwa. Tulizoea kudhani kwamba dunia isiyo na sisi ilikuwa chumba kitupu kinachongoja wapangaji, na Biblia yenyewe inakataa. Mvua ilinyesha Lindi pasipo mtu. Giraffatitan alinyoosha shingo kwenye miti ya pwani ile na Muumba wake alimwona, na hilo lilitosha.

Na katika sura ya 39 yumo mbuni. Anaacha mayai yake mchangani, anasahau kwamba mguu unaweza kuyaponda, na Mungu anasema wazi kwamba ndiye aliyemnyima hekima. Lakini akiinuka kukimbia, humcheka farasi na mpandaji wake. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba ndege wametokana na dinosaria wadogo wala nyama, na mbuni ni ndege. Wanaomtafuta dinosaria katika Ayubu wangeweza kumwona hapo, sura moja kabla ya pale wanapochimba.

Mzazi mmoja aliniuliza baada ya ibada kama sioni hatari kuwafundisha watoto hivi, kwamba wataanza kuitilia shaka Biblia yote. Nilimjibu, mama yangu, naiona hatari, lakini naiona zaidi upande wa pili. Kijana wetu atafika chuo kikuu, atashika mwamba mkononi, atajua umri wake unavyopimwa. Kama tulimwambia kwamba Kristo anasimama au kuanguka pamoja na miaka 6,000, tumemfungia mlango sisi wenyewe. Mzazi yule hakuridhika kabisa. Alitaka nimwambie basi yule mnyama mgonjwa aliteseka kwa nini.

Nilimwambia sijui. Nilimsomea Warumi 8:22, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, navyo vina utungu pamoja hata sasa. Paulo anausema utungu huo kama wa kuzaa, na anaweka tumaini lake katika ufufuo wa miili, si katika kumbukumbu ya zamani isiyo na maumivu. Nikamwambia pia kwamba ninaamini neno “viumbe vyote” limeenea kuliko tulivyokuwa tukilisoma, na kwamba linawafikia hata wale waliolala kwenye udongo wa Tendaguru. Aliniomba niandike aya hiyo kwenye karatasi ampelekee mwanawe, ambaye yuko darasani kwangu na ndiye aliyeanzisha maswali yote haya.